Barua ya wazi kutoka Moshi: samaki mmoja atozwe mara moja

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Waziri wa Fedha, wakuu wa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri zinazopakana na Bwawa la Nyumba ya Mungu, na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapo Arusha.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mchuuzi wa samaki Moshi. Perege na kambale ninawatoa Nyumba ya Mungu, dagaa wanakuja kwa malori kutoka Mwanza, na bei ikiwa nzuri ng'ambo, sehemu ya mzigo inavuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, Kenya. Ninaandika kwa niaba yangu na ya akina mama wenzangu. Kila mwaka bajeti ikikaribia tunasikia habari za viwanda vya minofu, meli za bahari kuu na masoko ya Ulaya. Tenga la samaki linalotoka Lang'ata, kijiji cha wavuvi kando ya bwawa, kuja Moshi halitajwi, na hilo ndilo linaloweka kitoweo mezani kwa mwalimu, fundi, dereva wa bodaboda na mama anayeuza chakula stendi.

Nina jambo moja. Samaki yule yule anatozwa mara nyingi mno kabla hajafika jikoni, na anatozwa kwa namna inayomwumiza mwenye tenga kuliko mwenye lori. Naomba atozwe mara moja, mahali pamoja, kwa kilo, na risiti yake iheshimiwe njia nzima, mpakani pia.

Bwawa letu mnalijua. Lilijazwa katikati ya miaka ya 1960 kwa kuzuia maji ya Kikuletwa na Ruvu, na shabaha ya kwanza ilikuwa umeme. Mitambo yake ni ya megawati 8. Samaki walikuja juu ya hilo, na walikuja kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walivuliwa maelfu ya tani kwa mwaka, watu wakahamia kutoka kila kona ya nchi, vijiji vya pembezoni vikajaa. Kisha mavuno yakaporomoka, na hayajarudi kuwa yale. Mwaka 2016 Serikali ililifunga bwawa ili samaki wazaliane. Kufungwa kule kulituuma sana, ila sababu yake tuliiona kwa macho yetu: makokoro yalikuwa yanatoka na vifaranga vya perege ambavyo havijai hata kiganja. Ninalitaja hili ili ijulikane kwamba hatugombani na usimamizi. Bila doria, bila afisa uvuvi, bila leseni, mimi sina biashara na mwanangu hatamjua perege.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Maji yale yanagusa Mwanga, Moshi na Simanjiro, yaani halmashauri tatu ndani ya mikoa miwili. Mvuvi analipia leseni yake na ya chombo chake. Mnunuzi analipia leseni ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi. Mzigo ukipandishwa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna ushuru wa halmashauri. Ukitaka kuuondoa kuna kibali cha kusafirisha. Barabarani kuna vizuizi, na mkusanya ushuru wa upande huu hayuko tayari kuamini kwamba yule wa upande ule ameshachukua chake. Ukifika mjini kuna ushuru wa soko, wa kila siku. Na ukisema uende Taveta, hapo panaanza safari nyingine ya leseni ya kusafirisha nje, cheti cha afya na cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha imetoka nchi gani.

Kila ofisi inaitazama tozo yake peke yake na kuiona ndogo. Hakuna ofisi hata moja inayojumlisha. Tunaojumlisha ni sisi, jioni, tukihesabu kilichobaki.

Na hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme mama ana mtaji wa shilingi 200,000 na mwenzake ana lori la shilingi milioni 10. Wote wawili wakadaiwa kibali cha shilingi 10,000. Kwa mwenye lori hiyo ni sehemu moja katika elfu ya mzigo wake, hatashtuka. Kwa mama ni moja katika ishirini, na faida yake ya siku nzima pengine haizidi hapo sana. Viwango vyenyewe hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo chukueni hizo kama namba za mfano tu, ila uwiano wake ndio tunaoishi nao. Tozo isiyotazama uzito wala thamani ya mzigo inamtoa mdogo sokoni hata kama aliyeipanga hakukusudia.

Halafu kuna suala la muda, ambalo watunga kanuni wengi hawalipi uzito. Mahindi yakizuiliwa siku mbili yanabaki mahindi. Perege mbichi akikaa juani saa chache ameshaharibika, na kila aliyesimama barabarani analijua hilo. Ndiyo sababu neno "tuelewane" lina nguvu kuliko risiti. Kuna kizuizi kimoja, sitakitaja, ambako nilionyesha karatasi zote na bado nikaambiwa nisubiri mkubwa arudi. Mkubwa hakurudi. Nililipa, mzigo ukaondoka, na sikupewa stakabadhi. Wenzangu wengi wana habari kama hiyo au mbaya zaidi. Hela ile haikuingia halmashauri wala hazina. Kila kituo cha malipo mnachokiongeza juu ya bidhaa inayooza ni mlango mwingine wa fedha ambayo hamtaiona kwenye vitabu vyenu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali hii imeshaonyesha mara kadhaa kwamba inaweza kurekebisha. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya kilimo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa ajili ya mtu ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka: unalipa mara moja, huandamwi tena. Julai 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa TBS, shirika la viwango, ili mfanyabiashara asizungushwe baina ya ofisi mbili, na mwaka huo huo tozo na ada kadhaa zikafutwa chini ya mpango wa kuboresha mazingira ya biashara. Kwa hiyo siwaombi mbuni kitu kipya. Ninaomba msamaha ule wa tani moja utamkwe wazi kwa samaki pia. Mwenye magunia matatu ya mpunga kutoka Kahe akipita, na mwenye matenga mawili ya perege kutoka Kagongo bwawani apite.

Tena uvuvi wenyewe una mfano wake. Kwenye bahari kuu iliwekwa tozo ya dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki, juu ya leseni. Wenye meli wakapiga hesabu, wakaona haiwalipi, wakapeleka meli zao kwingine. Nchi ikakosa tozo, ikakosa na leseni. Tozo ile baadaye iliondolewa, na uamuzi ulikuwa sahihi. Mwenye meli alisikilizwa kwa sababu ana pa kwenda. Mama wa Lang'ata hana bahari nyingine ya kuhamia. Akishindwa anaacha, au anapita usiku kwa njia za panya, na mvuvi aliyekuwa akimwuzia anabaki na deni la nyavu linalomsukuma kuvua hata kile kidogo ambacho hakipaswi kuvuliwa. Tozo iliyowekwa kwa jina la kulinda bwawa inaweza kulimaliza bwawa kwa njia hiyo.

Sasa nizungumze na ninyi mlioko Arusha. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini hapo hapo mjini kwenu tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilianza kazi Januari 2005, na ibara yake ya 10 inazitaka nchi wanachama ziondoe ushuru wa forodha baina yao pamoja na tozo nyingine zenye athari sawa na ushuru. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayowaomba mrudi kuyasoma. Bidhaa ya Tanzania inaingia Kenya bila ushuru wa forodha tangu siku ya kwanza ya itifaki hiyo, na hilo limetimizwa. Ila nikikaa Holili nikajumlisha leseni, kibali, cheti, ukaguzi wa huku na ukaguzi wa kule, jumla yake inanikaba kama ushuru ungalipo. Jina la gharama limebadilika, na mimi bado ninatoa fedha ile ile mfukoni.

Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016, na cha Namanga, upande wa Arusha, kikafuata mwaka 2018. Ni kazi nzuri, maofisa wa pande mbili wako chini ya paa moja. Mmetuwekea pia utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ambapo cheti cha uasili kinajazwa pale pale mpakani. Nashukuru kwa hilo. Lakini utaratibu huo unamaliza suala la forodha tu. Cheti cha afya ya samaki hauondoi, wala vibali vya kusafirisha mazao ya uvuvi. Hivyo mama anaweza kuwa na perege wa Nyumba ya Mungu, ambaye hakuna anayebisha kwamba ni wa Tanzania asilimia mia, akakwama kwa karatasi ambayo ofisi yake haiko mwaloni wala mpakani. Mfuate afisa, usubiri, urudi, na samaki hasubiri. Matokeo yake mnayajua: mapori ya Taveta yana njia za miguu nyingi, na kwenye njia hizo mwanamke mwenye kapu kichwani anaweza kunyang'anywa mzigo na asiwe na pa kushtaki, kwa kuwa mwenyewe naye amevunja sheria.

Wale wa Ziwa Jipe wanashangaa zaidi. Ziwa ni moja, mpaka umepita katikati, na samaki wanakatiza kwenda Kenya na kurudi Mwanga bila kuulizwa na mtu. Akishavuliwa tu, anakuwa bidhaa ya kigeni kwa jirani aliye ng'ambo ya mafunjo.

Nataka pia nilinganishe na Ulaya, kwa sababu hapo ndipo ninapoona kwamba nia ikiwepo njia hupatikana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya kanda ya ziwa vilitikisika na wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa. Serikali haikukaa. Ukaguzi uliimarishwa, maabara ikajengwa Nyegezi, Mwanza, mamlaka moja ikatambuliwa kuwa ndiyo inayothibitisha ubora, na mlango ukafunguliwa tena. Leo minofu ya sangara inatoka Mwanza na cheti cha afya cha Serikali yetu, na cheti hicho kinaheshimiwa na kila nchi ya umoja huo. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, minofu hiyo inaingia Ulaya bila ushuru wala kikomo cha kiasi chini ya mpango ulioanza mwaka 2001. Kama cheti kimoja kinatosha kwa mlaji wa Madrid, kwa nini kisitoshe kwa mlaji wa Voi, Kenya?

Ushuru wa nchi za nje una tabia yake. Unaweza kubadilika bila ninyi kuulizwa. Mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya ilijikuta inatozwa ushuru Ulaya kwa miezi michache, maua yakiwa mstari wa mbele, kwa sababu tu mazungumzo ya ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya yetu na Ulaya yalichelewa. Aprili 2025 Marekani ikaweka asilimia 10 kwa bidhaa za nchi nyingi, yetu ikiwamo. Mambo haya yanatufikia hata sisi wa bara. Soko la minofu likichangamka huko nje, sangara haji Moshi; kinachobaki kwa mlaji wa ndani ni dagaa, furu, kayabo (sangara wa chumvi) na mapanki (mifupa inayobaki minofu ikitolewa). Likidorora, bei ya mvuvi inaanguka. Ushuru wa mgeni hatuupangi. Wa nyumbani mnaupanga ninyi, kwa kalamu yenu wenyewe, na ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu.

Kuna wafanyabiashara wenzangu wanaotaka mwombwe jambo jingine: ushuru wa samaki wa nje upandishwe. Wanasema samaki wa kugandishwa kutoka China ndiye anayetuua, na wanakumbusha mjadala mkubwa wa Kenya wa mwaka 2018, hadi Rais Uhuru Kenyatta akauingilia. Wanaona pia kwamba ngazi ya asilimia 35 ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za nje ilipoanza Julai 2022, nyama na maziwa vilikuwamo, na samaki akaachwa kwenye asilimia 25. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Samaki wa nje anashuka bandarini kwenye kontena, analipa asilimia 25 zake mara moja, anapewa karatasi moja, na kuanzia hapo mzigo wake una utulivu. Wangu anatoka bwawa ambalo ningeweza kulifikia na kurudi kwa siku moja, na bado anasimamishwa njia nzima. Mkimwongezea yule ushuru mkaniachia mimi vizuizi vyangu, atakayeumia ni mlaji, maana samaki watapanda bei wote wawili. Nipunguzieni njia, nitashindana naye kwa ubichi. Perege aliyevuliwa alfajiri hana mpinzani ndani ya kontena.

Najua mtakachojibu, hasa ninyi wa halmashauri: mapato ya ndani yatatoka wapi? Ni swali la haki. Ile mikopo ya asilimia 10, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, inatokana na mapato hayo hayo, na nina wenzangu walionunua majokofu kwa fedha hizo. Kwa hiyo siombi ushuru ufutwe. Ninaomba ukusanywe mahali ambapo samaki wote wanapita, yaani mwaloni, mzani ukiwapo, kwa namba ya malipo, na halmashauri tatu zikubaliane jinsi ya kugawana. Mzigo ukiondoka pale umelipiwa, kizuizi kazi yake iwe kutazama risiti na kuangalia kama kuna samaki wachanga, basi. Mtashangaa mapato yatakavyopanda watu wanaopita usiku wakirudi kupita mchana.

Na sehemu ya fedha hiyo ionekane pale inapotoka. Mama anayelipa kila wiki anataka kuona barafu mwaloni, vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa juu ya mchanga, choo chenye mlango, na boti ya doria yenye mafuta. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kipo, wanajitolea, na hawana hata makoti ya mvua. Bango liwekwe pale pale lenye orodha ya tozo zote halali na viwango vyake kwa Kiswahili, pamoja na kiasi kilichokusanywa kila robo mwaka. Bango ni gharama ndogo sana. Kijana wa kizuizini akidai kisichoandikwa, mama ananyoosha kidole.

Kwa Sekretarieti, ombi langu ni cheti cha afya kwa mzigo mdogo, kinachotolewa na afisa uvuvi mwaloni na kupokewa Holili na Namanga bila ukaguzi wa pili, isipokuwa pale penye shaka ya kweli. Mtaalamu aliyekwisha kumwona samaki akitoka majini anajua zaidi kuliko atakayemwona saa sita baadaye. Na orodha ya bidhaa zinazopita kwa utaratibu rahisi ibandikwe sokoni Mbuyuni na Himo, maana nimekutana na akina mama waliovuka miaka mingi bila kujua kwamba utaratibu huo upo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo yanaandaliwa miezi kadhaa kabla. Kila mwaka mawaziri wa fedha wa Jumuiya wanakaa kupitia maombi ya viwanda na kampuni zinazotaka viwango vya ushuru vibadilishwe, na kampuni hizo zinatuma wanasheria. Sisi hatuna mwanasheria. Tumeni watu wenu kabla ya vikao hivyo, waje Lang'ata asubuhi mzigo unapopimwa, wawe na kalamu na karatasi moja. Wavuvi watakuwapo, wachuuzi wa Mwanga, Simanjiro na Moshi watakuwapo, na wenzetu wa Arusha wanaovuka Namanga tutawaita. Tutakuja na risiti zetu zote za mwaka huu, na mahali ambapo hatukupewa risiti tutasema ni wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa samaki, Moshi, Kilimanjaro